Mtambo wa kuzimwa kila asubuhi: kisa cha seli za fueli na barafu ya wavuvi, Lamu

Kikundi kimoja cha wavuvi katika kisiwa cha Pate, Kaunti ya Lamu, kimeletewa pendekezo la mtambo wa umeme. Kina mashine ya barafu na chumba baridi cha samaki, na mchana huviendesha vyote viwili kwa sola. Usiku huwasha jenereta ya dizeli, ambayo kelele zake, moshi wake na bei ya mafuta yake vimewachosha. Muuzaji anasema: ondoeni jenereta, wekeni seli za fueli za kilowati 5 zinazotumia methanoli. Ziwashwe jua likizama, zizimwe jua likichomoza. Maisha yake, saa 20,000. Kwa saa 12 kila usiku, hesabu ya pendekezo inasema, mtambo utadumu zaidi ya miaka minne na nusu.

Mwenyekiti aliniomba nilisome pendekezo hilo kabla hawajatia saini. Nayaandika haya kwa idhini ya kikundi, bila kukitaja jina wala kumtaja muuzaji, kwa sababu vikundi vingine vya pwani vitaletewa karatasi za namna hii, na swali lililomo ndani yake ni zito kuliko linavyoonekana.

Jibu langu ni hili. Mtambo ni mzuri. Ratiba ya kuuwasha na kuuzima kila siku ndiyo itakayouua. Saa 20,000 ni za kweli, ila zilipatikana kwa mtambo usiozimwa ovyo, na aliyeandika pendekezo amezihamishia kwenye kazi ambayo haifanani na ile.

Kilichomo ndani

Seli ya fueli hutoa umeme bila kuchoma kitu. Upande mmoja, uitwao anodi, hupita hidrojeni. Upande wa pili, kathodi, hupita hewa. Katikati kuna utando unaopitisha protoni peke yake. Elektroni hukosa njia humo, huzunguka kwa nje kupitia waya, na huko ndiko tunakopata mkondo. Kinachobaki ni maji na joto. Aina iliyozoeleka, ile inayotumika kwenye magari, hufanya kazi kwenye nyuzi joto 80 hivi. Utando wake hupitisha protoni ukiwa umelowa maji, na platini yake, ambayo ndiyo kichocheo, hulemewa na kaboni monoksidi hata ikiwa ni sehemu chache katika milioni. Kwa hiyo hudai hidrojeni safi mno. Nani atasafirisha mitungi ya hidrojeni safi kwa lori hadi Mokowe, kisha kwa boti hadi Pate?

Aina iliyopendekezwa huku ni ya joto kali, na kikwazo hicho imekiruka. Utando wake ni polima iitwayo polibenzimidazoli, kwa kifupi PBI. Herward Vogel na Carl Marvel walieleza PBI za kustahimili joto mwaka 1961, na nyuzi zake hufumwa mavazi ya wazima moto. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, Marekani, walionyesha kwamba ukiulowesha utando huo kwa asidi ya fosforiki, asidi yenyewe hupitisha protoni bila kuhitaji maji. Seli sasa yaweza kufanya kazi kwenye nyuzi 160 hadi 180, na kwenye joto hilo platini huvumilia kaboni monoksidi inayofika asilimia moja na zaidi. Ndipo methanoli ikapata nafasi. Methanoli iliyochanganywa na maji hupitishwa kwenye kinu chenye kichocheo cha shaba na zinki, kwenye nyuzi 250 hadi 300. Hutoka hidrojeni, kaboni dioksidi, na kaboni monoksidi kidogo. Mchanganyiko huo huingia kwenye seli moja kwa moja. Mafuta yanasafiri kwa dumu.

Lakini tuutazame utando wenyewe. Katika utando wa kampuni ya BASF, ambao ndio umepimwa kwa muda mrefu zaidi, polima ni asilimia 5 hivi ya uzito. Sehemu kubwa iliyobaki ni asidi na maji yake. Asidi hiyo haikufungwa kwa gundi wala kwa mshono. Imeshikiliwa tu na polima, na ikipata njia ya kutoka, hutoka. Hukumu nyingi kuhusu uhai wa mtambo huu hurudi hapo: asidi ibaki pale ilipowekwa, kwa kiasi kilekile, na kaboni inayobeba platini isiliwe.

Saa 20,000 zinasema nini

Vipimo vya BASF vilivyochapishwa vilionyesha utando ukifanya kazi kwa zaidi ya saa 20,000 kwenye nyuzi 160, huku kila seli ikipoteza takribani mikrovolti 6 kwa saa (mikrovolti ni sehemu moja ya milioni ya volti). Ni matokeo ya kuheshimika. Tuyafanyie hesabu.

Seli inayofanya kazi hutoa volti 0.65 hivi. Mikrovolti 6 mara saa 20,000 ni volti 0.12. Kwa hiyo mwisho wa saa hizo seli ile imebaki na volti 0.53, yaani imepungukiwa na asilimia 18 ya nguvu kwa mkondo uleule. Kipimo kinachotumiwa sana katika fani hii ni kwamba seli ikipoteza asilimia 10 ya volti zake, inahesabiwa imefika mwisho. Asilimia 10 ya 0.65 ni volti 0.065, yaani milivolti 65. Kwa mwendo wa mikrovolti 6 kwa saa, unafika huko baada ya saa 10,800 hivi. Basi swali la kwanza kwa muuzaji ni dogo na la haki: saa 20,000 mpaka ipungue kiasi gani? Pendekezo halikusema.

Hata hivyo hilo si kubwa. Mtambo uliopungukiwa asilimia 18 bado unatengeneza barafu. Kilicho kikubwa ni kuzima.

Wataalamu hao hao wa BASF walijaribu ratiba ya saa 12 za kazi na saa 12 za mapumziko, karibu sawa kabisa na inayopendekezwa Pate, wakailinganisha na mwendo usiokatika. Seli za kuwashwa na kuzimwa zilichakaa kwa kasi zaidi, na sababu kuu ilionekana kuwa kuliwa kwa kaboni ya kathodi. Nilipomweleza mwenyekiti hivyo, aliniuliza swali ambalo mtu yeyote mwenye akili angeuliza: "Sasa mwanangu, yua limetoka na mtambo bado wawaka, si kuteketeza mafuta ya bure?"

"Ami," nikamwambia, "tuhesabu kwanza kuzima kunaokoa nini."

Kuzima kwa saa 12 kunaiepushia kila seli uchakavu wa mikrovolti 6 mara 12, yaani mikrovolti 72. Hiyo ndiyo faida yote, kwa upande wa uhai wa seli. Ikiwa tendo moja la kuzima na kuwasha linaigharimu seli zaidi ya mikrovolti 72, kila asubuhi unayozima umepata hasara. Tuchukue mfano wa kuhesabia tu: tendo moja ligharimu mikrovolti 200. Kwa mwaka ni mara 365, yaani milivolti 73. Ongeza uchakavu wa saa za kazi zenyewe, milivolti 26, unapata 99. Mtambo usiozimwa mwaka mzima ungepoteza milivolti 53. Yule aliyelala nusu ya maisha yake amechakaa karibu mara mbili ya yule asiyelala.

Namba ya 200 naiweka hapo kama kipimo cha mezani. Namba ya mtambo huu ni ya muuzaji kuileta. Lakini ile ya 72 haina ubishi, kwa sababu inatokana na vipimo vilevile vya saa 20,000 ambazo yeye mwenyewe anazitangaza. Mimi ningetia saini au nisitie kwa kutazama hiyo tu.

Kinachotokea mtambo ukizimwa

Mambo mawili, na ni vizuri kuyatenganisha kwa sababu dawa zake ni tofauti.

La kwanza ni maji. Seli inapofanya kazi kwenye nyuzi 160, maji inayotengeneza huondoka kama mvuke. Ukizima, joto hushuka. Likipita chini ya nyuzi 100, mvuke uliobaki ndani huanza kugeuka maji. Asidi ya fosforiki na maji ni marafiki wa damu. Maji huichukua asidi kutoka kwenye utando na elektrodi (yaani anodi na kathodi), huibeba kwenye mifereji ya gesi, na mtambo ukiwashwa tena husukumwa nje pamoja nayo. Asidi ikipungua kwenye utando, ukinzani hupanda. Asidi ikihamia kwenye elektrodi ikaijaza, oksijeni hukosa njia ya kuifikia platini. Ndiyo maana mtambo mzuri wa aina hii hauruhusu mkondo kuchukuliwa mpaka seli zipite nyuzi 100 na ushee, na wakati wa kuzima hupuliza gesi kavu ndani wakati bado kuna joto, ili mvuke utoke kabla haujawa maji.

La pili ni hewa. Baada ya kuzima, hidrojeni iliyobaki upande wa anodi hupungua polepole na hewa hupenya kuchukua nafasi yake. Ukiuwasha tena na kufungua hidrojeni, kwa muda mfupi nusu ya seli ina hidrojeni na nusu nyingine ina hewa pande zote mbili. Katika nusu ile yenye hewa, kathodi hupanda hadi volti 1.4 hivi. Kwa kiwango hicho kaboni haivumilii. Inaungana na maji na kuwa kaboni dioksidi. Platini iliyokuwa imekaa juu ya kaboni hiyo hupoteza makao, chembe zake hukusanyika na kuwa kubwa, na eneo la kazi hupungua. Kwenye nyuzi 160 kuliwa huku ni kwa kasi kuliko kwenye nyuzi 80. Hasara hii haitengenezeki. Hakuna fundi atakayeirudisha kaboni iliyokwenda hewani.

Kuna jambo dogo la tatu, kuacha mtambo ukiwa na joto bila mzigo. Watu hudhani ni kuupumzisha. Seli isiyotoa mkondo hupanda volti zake kukaribia 1, na kathodi ikikaa juu ya 0.8 kwa muda mrefu, kaboni na platini vyote huumia. Mtambo wa aina hii hupumzika vizuri ukiwa na kazi ndogo.

Lamu si maabara

Vipimo vingi nilivyotaja vilifanywa ndani ya vyumba vya Ulaya na Marekani, hewa imechujwa na maji yamesafishwa. Pate ni mahali pengine.

Unyevunyevu wetu hauishi mwaka mzima. Asidi ya fosforiki huvuta unyevu kutoka hewani hata ikiwa haifanyi kazi. Mtambo uliozimwa huku matundu yake ya hewa yakiwa wazi hunywa unyevu wa pwani saa 12 mfululizo. Asidi huvimba, hujipenyeza kwenye mabamba na gasketi, na jioni ukiuwasha tena sehemu yake haipo ilipokuwa. Valvu za kufunga hewa pande zote mbili, ambazo muuzaji ameziorodhesha kama nyongeza ya hiari, kwetu si za hiari. Hata seli za akiba zilizokaa stoo zinahitaji kubaki kwenye mifuko iliyofungwa isiyopitisha hewa mpaka siku ya kufungwa.

Chumvi ndiyo ya pili. Upepo wa kusi huleta marashamarasha ya bahari mpaka ndani ya nyumba, na kila mwenye paa la bati anajua. Kloraidi iliyomo katika chumvi hiyo ikifika kwenye platini huikalia na kuisaidia kuyeyuka. Chujio la vumbi peke yake halitoshi. Hewa inayoingia ipitie chujio la kukamata chumvi, na mdomo wake uelekezwe upande wa bara, si wa bahari.

Punda nao wamo katika hesabu. Kwenye mchoro wa pendekezo, nyumba ya mtambo imechorwa ukutani mwa zizi. Mkojo wa punda hutoa amonia, na amonia na asidi ya fosforiki vikikutana huwa fosfeti ya amonia. Asidi iliyogeuka hivyo haipitishi protoni kama mwanzo. Kulisogeza zizi au nyumba ya mtambo hakugharimu chochote kama kunafanywa kabla ya msingi kuchimbwa.

Halafu maji, na hapa nasisitiza kwa sababu najua kishawishi kitakuja. Mafuta ya mtambo ni mchanganyiko wa methanoli na maji, kwa kawaida sehemu 60 kwa 40. Mtu atasema: kwa nini tusafirishe maji kwa boti? Tununue methanoli tupu, maji tutie sisi. Maji ya visima vya visiwani yana chumvi, na ya jabia, yaani birika la kuvunia mvua, hukusanya vumbi la chumvi kutoka kwenye sakafu yake. Kloraidi hiyo huenda moja kwa moja kwenye kinu, na kichocheo cha shaba hakiivumilii. Kinu kikichoka, kaboni monoksidi na methanoli isiyobadilika huongezeka katika gesi inayoingia kwenye seli, na seli huonekana kuugua wakati mgonjwa ni mwingine. Au mchanganyiko ununuliwe tayari, au kikundi kiwe na kifaa cha kuondoa madini majini na mtu mmoja anayekisimamia.

Na hiyo methanoli yenyewe ni sumu. Mei 2014 watu wengi walikufa na wengine kupofuka katika kaunti kadhaa za Kenya kwa pombe iliyotiwa methanoli. Kiasi kidogo hutosha. Mwali wake mchana karibu hauonekani. Dumu lake lisifanane na dumu la maji, lifungiwe, na anayelipokea gatini aandikwe. Kikundi chenye vijana na watoto wanaopita kwenye stoo hakiwezi kulichukulia jambo hili kama la fundi peke yake.

Kompresa

Kuna mgongano mwingine ndani ya pendekezo ambao haukuandikwa. Kompresa ya mashine ya barafu inapoanza hudai mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida, kwa muda mfupi. Kinu cha methanoli hakiwezi kuongeza hidrojeni kwa kasi hiyo, kinahitaji muda. Ukiidai seli mkondo ambao hidrojeni yake haijafika, anodi yenye njaa hugeuka na kuanza kula kaboni yake yenyewe. Seli moja katika safu nzima ikifanyiwa hivyo mara nyingi, hutoboka, na safu nzima husimama kwa ajili yake.

Kwa hiyo betri ni lazima kati ya mtambo na kompresa. Seli ichaji betri kwa mwendo wa taratibu, betri ibebe mruko. Pendekezo lina betri ndogo ya kuwashia tu. Nikaona hapa ndipo mlango wa kutatua kisa chote ulipo, kwa sababu betri ikishakuwa kubwa kiasi, sababu ya kuzima mtambo asubuhi inaondoka.

Mzigo wa usiku wa kikundi ni wastani wa kilowati 3 kwa saa 12, yaani kilowati-saa 36. Mtambo wa kutoa kilowati 1.5 kwa saa 24 hutoa kilowati-saa 36 zilezile. Nusu zinakwenda kwenye mzigo usiku, nusu zimewekwa kwenye betri mchana. Methanoli ni ileile kwa hesabu ya nishati: lita moja ya methanoli tupu ina kilowati-saa 4.4 hivi, na mtambo wa namna hii ukigeuza theluthi yake kuwa umeme, lita 24 na nusu hivi zinatosha kwa siku, yaani lita 41 hivi za mchanganyiko, madumu mawili ya lita 20 na ushee. Hakuna mafuta ya bure yanayoteketea jua likitoka. Na kuna yanayookolewa, kwa sababu kila kuwasha hutumia nishati kupasha kinu na seli kabla ya kupata hata wati moja.

Na mashine yenyewe inakuwa ndogo. Kilowati 5 hazihitajiki tena. Kilowati 2 zinatosha. Hapa sharti mtambo uwe mdogo kweli, maana ule mkubwa ukiendeshwa kwa theluthi ya uwezo wake utahangaika kulishika joto lake.

Kuhusu joto: muuzaji anaweka nyuzi 175. Ningependa 160 au juu yake kidogo. Kila unapopanda, platini huvumilia kaboni monoksidi vizuri zaidi na nguvu huongezeka kidogo, ndiyo maana inavutia siku ya maonyesho. Lakini asidi huondoka kama mvuke kwa kasi zaidi, na platini hukusanyika upesi. Kwa mtambo ambao kubadilisha safu yake ya seli ni safari ya meli, lori na boti, mimi nachagua maisha.

Sola zaidi badala yake?

Mjumbe mmoja wa kikundi, Bi mhasibu, aliuliza: kama betri ya kilowati-saa 18 inahitajika hata hivyo, kwa nini isiwe kubwa zaidi, paneli ziongezwe, na methanoli tuiache?

Nimelitafakari sana swali hili kwa sababu ndilo la haki kuliko yote. Hoja ya kawaida ya muuzaji ni masika: mawingu, sola dhaifu, betri haijai. Ila masika yetu yanakuja na kusi. Bahari inachafuka, mashua ndogo hazitoki kwa wingi, na barafu inayohitajika hupungua katika miezi ileile ambayo jua ni haba. Kaskazi ikirudi, samaki na kambakoche wanarudi, na jua lipo. Mahitaji ya kikundi hiki na jua la Lamu vinakwenda pamoja zaidi ya muuzaji anavyodhani. Chumba baridi bado kinahitaji umeme wakati wa kusi, lakini hicho ni mzigo mdogo kuliko mashine ya barafu.

Kwa kazi hii basi, paneli na betri zina hoja yenye nguvu, na nimewaambia hivyo. Seli za fueli za joto kali zingefaa zaidi mzigo usiolala mwaka mzima: mnara wa simu, au zahanati yenye friji za chanjo na kisafisha maji. Mahali kama hapo mtambo mdogo ungewashwa na kuachwa, na joto lake la nyuzi 160 likapata kazi pia. Natamani uletwe Lamu kwa kazi ya namna hiyo. Tumekuwa tukiletewa teknolojia kwa matumizi yasiyo yake, zikifa tunaambiwa pwani hawawezi kutunza vitu.

Kuna pia utando wa kizazi kipya. Watafiti wa maabara ya Los Alamos walionyesha mwaka 2016 polima inayoishika fosfeti kwa chaji za umeme badala ya kuiloweka tu, na seli zake zikafanya kazi kuanzia nyuzi 80 hadi 160, na kuvumilia maji ambayo yangeiosha asidi ya PBI. Utando wa namna hiyo ungeilainisha hukumu yangu kuhusu kuzima kwa upande wa maji, ingawa si wa hewa. Uliomo kwenye pendekezo ni wa PBI.

Kilichoandikwa kwa muuzaji

Kikundi hakikukataa. Kimeomba pendekezo jipya: mtambo wa kilowati 2 usiozimwa isipokuwa kwa matengenezo, betri ya kubeba kompresa, valvu za kufunga hewa, chujio la chumvi, na bei yake iwekwe kando ya bei ya paneli na betri peke yake ili wanachama wote wazione. Kimeomba pia namba moja: kila kuwasha na kuzima kunaigharimu seli mikrovolti ngapi.

Sharti nililolipigania zaidi ni la kupima. Volti za kila seli ziandikwe siku ya makabidhiano, kwa mkondo na joto vilivyotajwa, na zipimwe upya kila mwezi kwa hali ileile. Mtambo unaochakaa husema umechakaa wapi ukijua kuusikiliza. Volti zikishuka hata kwa mkondo mdogo, platini inapotea. Zikishuka sawia na mkondo unavyopanda, ukinzani umeongezeka, na asidi ndiyo ya kushukiwa. Maji ya kutoka kathodi yapelekwe maabara yapimwe fosfeti. Volti zikiporomoka ghafla kwenye mkondo mkubwa, gesi haipiti, aidha asidi imejaza elektrodi au kaboni imeliwa. Na seli moja ikishuka peke yake bila mzigo wowote, kuna tundu kwenye utando, mtambo uzimwe siku hiyo hiyo.

Bila vipimo vya siku ya kwanza, mabishano ya dhamana yatakuwa neno la muuzaji dhidi ya neno la wavuvi. Kwa hiyo malipo ya mwisho yamefungwa na karatasi hiyo: safu ya seli, namba ya kila seli, volti zake, sahihi mbili. Bi mhasibu ameshachora jedwali lake kwenye daftari la kikundi.